Sura ya Tano: Mashine ya Bweranyange

Kioo kiligeuka cheusi saa tatu na dakika kumi na mbili za asubuhi, na hapakuwa na mkono wa mtu uliokuwa umeigusa mashine.

Koplo Kokushubira aliitazama saa yake, akaandika. Ndani ya sanduku la bati kitu kililia mlio mmoja mfupi, maandishi meupe yakaanza kupanda kiooni, na kompyuta ikajiamsha yenyewe kama mgonjwa wa kifafa anayerudiwa na fahamu bila kujua alikokuwa. Ilikuwa mara ya tatu tangu afike.

"Ndivyo ifanyavyo, waitu," alisema Mama Evangelina, mpiga chapa wa ofisi, mwanamke wa makamo aliyeketi wima kama yuko kanisani na kumwita kila mtu waitu, yaani mwenzetu. "Hufa ikafufuka, ikafa tena. Ufufuko usio na utukufu."

Ofisi ilikuwa ya vyumba viwili tu, imeezekwa bati, nyuma yake migomba na mikahawa iliyoiva. Shirika la misaada liliifungua Bweranyange kwa kazi moja: kuandikisha watoto waliopotezana na wazazi wao pale wakimbizi waliporudi makwao mwishoni mwa mwaka uliopita, 1996. Kwa kuwa shirika halikuwa na kompyuta ya kuwapa, fundi wa redio kutoka Nyakasimbi, jina lake Theoneste, aliajiriwa akawaundia moja kwa vipande: sanduku kutoka Bukoba, bodi kutoka Kampala, kioo kutoka kwa mtu aliyeshindwa kukitumia.

Theoneste sasa alikuwa mahabusu Kayanga, makao ya wilaya. Mratibu wa ofisi, Bwana Telesfori, alimshtaki kwa barua ya kurasa mbili. Fundi huyo, barua ilisema, aliitega mashine ijizime, na kila ilipojizima ilimeza majina. Watoto mia nne na kumi na wawili walikwisha kuandikishwa. Jumatatu asubuhi walibaki mia tatu themanini na tisa, pungufu ishirini na watatu. Barua haikuishia hapo. Ilikumbusha kwamba wazazi wa Theoneste walivuka mto wa mpakani kutoka Rwanda mwaka 1961, na kwamba yeye mwenyewe, ingawa kitovu chake kilizikwa Nyakasimbi, hakuwa na karatasi hata moja ya kumtambulisha. Leo Alhamisi, saa tisa alasiri, lori la kuwapeleka mpakani watu wasio na hati lingeondoka Kayanga. Katika orodha ya abiria wake, Theoneste alikuwa wa kumi na mbili, na wa mwisho.

"Niletee sababu kabla ya saa tisa," Afande Byarugaba, mkuu wa upelelezi wa wilaya ya Karagwe, alikuwa amemwambia Kokushubira. "Kama hakutega kitu, nitasema hakutega. Kama huna sababu, usinisumbue redioni."

Kokushubira alikuwa amefanya kazi miezi kumi na minne kwenye kompyuta ya ofisi ya mkoa, akichapa takwimu za wizi wa ng'ombe. Hakuwa fundi. Alijua kitu kimoja tu: shahidi asiyesema huhojiwa kwa kumwondolea visingizio kimoja baada ya kingine.

Kisingizio cha kwanza kilikuwa umeme. Jenereta ya ofisi ilikuwa kuukuu, na kila mtu aliyeulizwa aliitupia lawama. Ndiyo maana alikuwa amechomeka taa ya mezani kwenye soketi ileile ya kompyuta, akakodoa macho kwenye balbu. Kompyuta ilipojizima mara ya pili, balbu haikupepesa hata ukope.

Kisingizio cha pili kilikuwa mtego wenyewe. Kama Theoneste aliandika amri ya siri ndani ya mashine, amri hiyo ilipaswa kusomwa ndipo itende. Kokushubira akaiwasha mashine kwa disketi safi aliyokuja nayo kutoka wilayani, asiifungue kazi yoyote ya ofisi, akakunja mikono. Ndipo ilipojizima hii mara ya tatu.

"Kwa hiyo si mtego?" Evangelina aliuliza.

"Mtego ungekuwa katika maandishi. Maandishi hayo hayakuguswa, na bado imeanguka. Ugonjwa uko mwilini, mama, hauko akilini."

Akaweka daftari mbele yake. Saa mbili na dakika kumi mashine iliwashwa. Ikaanguka baada ya dakika arobaini na moja. Kisha baada ya dakika kumi na mbili. Kisha baada ya tisa.

"Mnaizima mchana?"

"Tunaizima saa saba, tunakula. Alasiri huanza vizuri tu, halafu inarudia wazimu wake."

"Basi tuizime sasa. Tunywe chai."

"Chai?" Evangelina alimtazama. "Mwanangu, mtu yuko mahabusu."

"Chai hiyo ni kwa ajili yake."

Walikunywa, na Kokushubira hakuongeza kikombe cha pili. Saa tatu na dakika arobaini na tano akaiwasha tena mashine. Ilidumu dakika thelathini na nane.

"Kitu kinachochoka," alisema taratibu, "kikipumzishwa kinapata nguvu, kikiamshwa kabla hakijapoa kinaanguka upesi. Nipatie bisibisi."

Mfuniko wa bati ulipoinuka, joto lilimpiga usoni kama la chungu kilichofunuliwa. Ndani hakukuwa na vurugu aliyoitarajia. Kila waya ulifungwa kwa uzi wa katani, na kwenye kila kifundo kulikuwa na kipande cha karatasi chenye maandishi ya kalamu ya wino, herufi zimesimama sawasawa: *usivute*, *huu ni wa saa*, *huu ni wa feni*. Mtu aliyetaka mashine ife asingejisumbua kumwelekeza atakayeishika baada yake.

Feni ilikuwa nzima. Alipowasha kwa dakika moja mfuniko ukiwa wazi, ilizunguka kwa bidii. Akaweka kiganja nyuma ya sanduku, pale upepo wake ulipopaswa kutokea. Hapakuwa na pumzi yoyote.

Akaligeuza sanduku. Matundu yote ya nyuma yalikuwa yamezibwa, moja moja, kwa nyuzi laini za ganda kavu la mgomba, zikasokotwa na kushindiliwa kwa ustadi, kama vile mtu anavyoziba mdomo wa kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, ili nzi wasiingie. Kwa kuwa zilikuwa na rangi ya vumbi lilelile la kiangazi, jicho lilizipita kama sehemu ya bati.

"Nani kafanya hivi?"

Evangelina alisogea, akainama, akatabasamu kidogo kwa fahari.

"Mimi, waitu. Theoneste alituambia siku ya kwanza: vumbi ndilo adui wa mashine. Kiangazi kilipoanza niliona vumbi linaingia kwa pale nyuma. Nikaziba. Na kwa kitambaa nilichofuma nikaifunika juu, ila leo nimekiondoa kwa heshima ya polisi."

"Ulimwambia?"

"Nimwambie nini? Mtu akikuagiza ufunge mlango, unarudi kumwambia umeufunga?"

"Uliziba lini?"

"Mwanzo wa Juni."

"Na mashine ilianza lini kujizima?"

Tabasamu lilimtoka Evangelina polepole, likaacha uso mtupu. Alikaa kwenye kiti bila kukitafuta.

"Basi ni mimi niliyemfunga," alisema.

"Wewe umeziba matundu. Kufungwa ni jambo jingine." Kokushubira alikuwa ameanza kuchomoa nyuzi kwa ncha ya bisibisi. "Nisaidie. Hatuna muda wa kulia."

Saa nne na dakika arobaini na tano mashine iliwashwa, matundu yakiwa wazi. Upepo wa moto ulitoka nyuma na kuipeperusha kalenda ukutani. Kazi ya Koplo ingeweza kuishia hapo, akisubiri saa moja ipite na kuandika taarifa ya nusu ukurasa. Lakini barua ya Telesfori ilikuwa na mashtaka mawili, kujizima na kumeza, na mpaka sasa alikuwa amejibu moja.

"Mama, mashine ikijizima katikati ya kazi, unapoteza nini?"

"Ninachoandika wakati ule. Jina moja, labda mawili. Narudia."

"Uliyoyahifadhi jana yake?"

"Nayakuta." Evangelina alisita. "Nayakuta siku zote."

"Hao watoto mia nne wote uliwaandika lini?"

"Tangu Januari. Wengine Februari, wengine... hapana, walikuwa wamekwisha kuhifadhiwa wote."

"Kwa hiyo mashine ilirukia nyuma miezi sita, ikachagua."

Evangelina aligeuka kuitazama mashine upya.

"Fomu zao za karatasi ziko wapi?"

"Mratibu amezichukua. Amesema ni vielelezo."

"Na orodha mnazochapa kila Ijumaa?"

"Zote amezichukua pia." Mama huyo alivuta mkoba wake wa ukindu, akaufungua kana kwamba anafungua kitu cha mtu mwingine. "Ila hii hajui kama ipo. Sisi Walutheri wa huku, Jumapili tunawaombea watoto kwa majina, mmoja mmoja. Nilimwomba Theoneste anichapie nakala ya pili kila Ijumaa. Mratibu ni Mkatoliki, waitu, hasali kwetu."

Ndani ya kitabu cha nyimbo ilikuwamo orodha ya Ijumaa, tarehe kumi na moja Julai, imekunjwa mara nne. Majina mia nne na kumi na mawili, kila moja na umri wake na mahali mtoto alipo. Wakakaa bega kwa bega, Evangelina akisoma karatasi, Kokushubira akifuata kiooni, na kila jina lililokosekana likapigwa mstari.

Mistari haikukaa mahali pamoja. Namba kumi na saba. Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Mia na tatu. Mashine yenye maradhi ingeuma mkia wa orodha au kuirarua kwa fungu. Hii ilidonoa kama kuku anayejua punje anayoitaka. Walipofika mwisho Kokushubira aliisoma upya ile safu ya umri.

Tisa. Kumi na mbili. Kumi na moja. Kumi na nne. Kumi.

"Hakuna wa miaka mitatu," alisema. "Hakuna wa miaka mitano. Mnao watoto wadogo sitini katika orodha hii, na mashine haikummeza hata mmoja."

Evangelina alipitisha kidole kwenye safu ya mwisho. Wote ishirini na watatu walikuwa Bugomora, penye vibanja, mashamba makubwa ya kahawa. Walipelekwa huko mwezi Juni, kwa familia za kuwalea.

"Mama, huku kwenu mtoto wa miaka mingapi anatosha kuchuma kahawa?"

"Miaka tisa," Evangelina alijibu, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Miaka minane hafikii tawi."

Kisha Evangelina akaweka kidole kwenye namba mia na tatu: Vestina Nyiransabimana, miaka kumi na moja.

"Mama yake huyu anaitwa Mukabera. Yuko hai, ng'ambo. Barua yake ilifika Alhamisi iliyopita. Nilimpa mratibu kwa mkono wangu, kwa furaha. Jumatatu tulipomtafuta binti kwenye mashine, hayumo."

Kokushubira alitafuta tarehe ambayo faili la orodha lilihifadhiwa mara ya mwisho. Mashine ilijibu bila hiana: tarehe kumi na tatu Julai, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Akalinganisha saa ya mashine na saa yake ya mkononi. Zilipishana dakika mbili tu. Kalenda iliyokuwa ikicheza ukutani ilisema tarehe kumi na tatu ilikuwa Jumapili.

Pikipiki ilizimwa nje saa sita kasoro dakika tano. Bwana Telesfori aliingia akijipangusa vumbi kwa leso nyeupe, mtu mnene wa mwili, mwenye sauti ya katekista aliyezoea kuitikiwa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," Kokushubira alijibu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Naona umeifungua mashine ya ofisi."

"Nina kibali cha upekuzi. Na imekaa macho saa nzima na zaidi bila kuanguka. Ilikuwa inakosa hewa."

"Ashukuriwe Mungu. Basi majina yatarudi?"

"Hayakuondoka kwa sababu hiyo. Jumapili ulikuwa wapi, mzee?"

"Misani, kama kila Mkristo."

"Misa ya kwanza au ya pili?"

"Ya kwanza."

"Inakwisha saa ngapi?"

"Saa tatu. Binti, hayo ni maswali ya paroko."

"Baada ya saa tatu?"

"Nyumbani kwangu."

"Ufunguo wa kibanda cha jenereta anao nani?"

Mkono wa Telesfori ulikwenda mfukoni kabla hajauzuia.

"Fundi anaweza kuiwasha bila ufunguo," alisema. "Wale watu wana mikono. Anaweza hata kuidanganya saa ya mashine."

"Angeweza. Lakini tangu Jumamosi alikuwa Nyakasimbi akimzika baba yake mdogo. Ruhusa yake ya msiba hii hapa jaladani, na saini ni yako. Jumatatu alikamatwa mlangoni hapo, hajatia mguu ndani. Alipomwomba askari nusu saa tu alifungue sanduku, wewe ndiwe uliyekataa."

Telesfori alimgeukia Evangelina. "Na wewe umekaa hapo unasikiliza mratibu wako anatukanwa?"

"Nasikiliza umri wa hao watoto," Evangelina alisema.

"Wanakula," Telesfori alisema, na sasa ile sauti ya katekista ilikuwa imemtoka. "Wanalala chini ya bati. Kambini walikuwa wanakula nini? Watu wa Bugomora waliniomba mikono ya kuvunia, mimi nina watoto wasio na mwenyewe. Nani kapata hasara?"

"Wako katika vibanja vingapi?"

"Sikumbuki."

"Wanakwenda shule?"

Alikunja leso yake, mara mbili, mara nne.

"Mama yake Vestina ameandika," Kokushubira alisema.

"Mmoja akirudi, mwenye kibanja atauliza kwa nini. Mama wa pili naye ataandika. Wa tatu." Aliinua mabega. "Niliona mashine ni mgonjwa, na aliyeiunda ni mtu wa kupita. Nani angemlilia?"

Kokushubira aliyaandika maneno hayo kama yalivyotoka, akamwomba Evangelina aweke saini kama msikilizaji. Kisha akachukua ufunguo wa kibanda na ufunguo wa pikipiki, akafunga mlango wa chumba cha ndani Telesfori akiwamo, akamwita mwenyekiti wa kijiji amlinde. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini alipoiwasha redio ya upepo.

"Kayanga, Kayanga, hapa Bweranyange."

Redio ilikoroma. Sauti ya Afande Byarugaba ilikuja, na nyuma yake injini kubwa ikinguruma.

"Sema."

"Nimepata sababu, Afande. Hakuna mtego. Matundu ya hewa yalizibwa na mpiga chapa kwa nia njema. Majina yamefutwa Jumapili na mratibu mwenyewe. Amekiri mbele ya shahidi. Naomba Theoneste aachiwe. Ova."

"Kazi nzuri, Koplo. Kosa la mashine nimelifuta sasa hivi. Lakini silo linalompandisha lori. Anapanda kwa sababu hana hati. Na lori halitoki saa tisa tena, linatoka sasa. Ova."

Evangelina alikuwa amesimama mlangoni. Kokushubira alimpa mgongo ili asimtazame usoni. Alikuwa amefanya kila alichoagizwa, na kwa kila hatua ukweli ulikuwa umesogea, ila mtu hakusogea. Akabonyeza kitufe.

"Afande, nafungua jalada jipya. Kuficha watoto ishirini na watatu na kuharibu kumbukumbu. Mshtakiwa ni Telesfori. Ova."

"Fungua."

"Shahidi wa kwanza ni Theoneste. Ndiye pekee anayeweza kuieleza mahakama mashine ile inavyotunza majina. Shahidi wa jinai akivushwa mpaka kabla hajatoa ushahidi, hakimu atataka kujua ni afande gani aliyemruhusu. Ova."

"Unajua kesi ya namna hiyo inachukua muda gani?" Byarugaba aliuliza.

"Wewe unajua kuliko mimi, Afande."

"Miaka mitatu. Minne, hakimu akihamishwa."

"Basi minne."

"Mahabusu, Koplo. Nani atamdhamini mtu asiye na hati? Unamwombea miaka minne ya sakafu ya saruji."

Kokushubira alijua. Alikuwa ameipima njia nzima, kutoka alipoketi mpaka sakafu hiyo, na hakuona njia nyingine.

"Muulize yeye," alisema. "Sakafu au mto. Ova."

Evangelina alisogea akagusa meza. Mbali, ndani ya mkoromo, mlango wa bati uligongwa, mtu akaita jina, mtu akaitika.

"Ameshuka," Byarugaba alisema hatimaye. "Hakuniacha nimalize swali. Andika jalada lako vizuri, lisinirudie na mashimo. Jina lake kamili?"

"Theoneste Kamugisha. Mzaliwa wa Nyakasimbi."

"Andika mkazi."

"Nimekwisha kuandika mzaliwa, Afande. Kwa wino. Ova."

Byarugaba hakucheka, lakini hakubisha. Injini ilipandisha sauti, ikaanza kwenda mbali. Lori lilikuwa linaondoka na watu kumi na mmoja. Kokushubira alibaki ameshika kitufe, na swali lilimjia likiwa zima, kama vile lilikuwa limesubiri zamu yake tangu asubuhi.

"Afande, hao kumi na mmoja, wamo wengine waliozaliwa Karagwe? Ova."

Redio ilikoroma. Ilikoroma hata akadhani mawasiliano yamekatika.

"Hilo," Byarugaba alisema, "hukutumwa kulichunguza."